Kidonge kabla ya chai: namna dawa mbalimbali zinavyopunguza asidi ya tumbo

Katika maduka mengi ya dawa, omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hukabidhiwa mgonjwa ndani ya kibahasha kidogo kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 2", na maelezo yakaishia hapo. Mgonjwa anaelewa kwamba atameza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, lakini hakuna aliyemwambia kama ni kabla ya kula au baada ya kula, na kwa kuwa tangu utotoni amezoea kuambiwa asinywe dawa akiwa na njaa, anakula kwanza hadi ashibe ndipo ameze. Mwingine anakitia kibahasha hicho mkobani na kukitoa pale tu kiungulia kinapompanda, kama ambavyo angetafuna kidonge cha magnesiamu. Baada ya siku mbili au tatu wote wawili wanarudi dukani wakilalamika kwamba dawa ni feki. Nimeyasikia malalamiko haya mara nyingi, na kinachonisikitisha ni kwamba kwa kawaida dawa yenyewe ni nzima. Ilichokosa ni saa yake. Ili mtu aelewe kwa nini saa ina uzito kiasi hicho, hana budi kuifuata asidi tangu inapoagizwa hadi inapomiminika tumboni, kwa sababu kila kundi la dawa limeshika sehemu yake katika safari hiyo, na sehemu hiyo ndiyo inayoeleza dawa inaanza kazi lini, inadumu kwa muda gani na inashindwa wapi.

Tumbo la mtu mzima hutoa takriban lita mbili za majimaji kila siku, na ndani yake mna asidi ya haidrokloriki, ile ile ambayo mafundi huitumia kung'arisha vyuma na kusafisha vigae. Haimo humo kwa bahati mbaya. Huua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na chakula na maji, huanza kuzivunja protini, na husaidia mwili kuyapata madini ya chuma na vitamini B12. Inatolewa na seli zinazoitwa seli za parietali, zilizomo katika tezi ndogo zilizozama kwenye utando wa sehemu ya juu na ya kati ya tumbo, na binadamu anakadiriwa kuwa na seli hizo zipatazo bilioni moja. Kila seli ina vijifereji vilivyochimbika kuingia ndani yake, na kwenye kuta za vijifereji hivyo ndipo zinapokaa pampu, yaani protini ambazo hutoa nje ioni ya hidrojeni, iitwayo pia protoni, na kuingiza ndani ioni ya potasiamu badala yake. Kazi hii ni nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu protoni zilizomo kwenye kijifereji ni zaidi ya mara milioni moja ya zile zilizomo kwenye damu kwa ujazo ule ule. Kuzidi kusukuma kitu kuelekea mahali kilipokwisha kujaa hivyo kunakula nishati nyingi, ndiyo maana karibu theluthi ya seli hizi imejaa mitokondria, vinu vya nishati vya seli.

Hapa kuna jambo moja ambalo ningeomba msomaji alishike, kwa kuwa makosa mengi ya matumizi yanatokana na kutolijua. Mtu asipokuwa amekula, pampu nyingi hazipo kazini. Zimehifadhiwa ndani ya seli katika vifuko vidogo, na hazisukumi chochote. Amri inapofika kwamba chakula kinakuja, vifuko hivyo husogea hadi kwenye kuta za vijifereji na kuungana nazo, na hapo ndipo pampu hujitokeza na kuanza kusukuma.

Amri hiyo huletwa na wajumbe watatu. Wa kwanza ni asetilikolini, inayotolewa na matawi ya neva ya vagasi, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Harufu ya pilau ya jirani ikimfikia mtu mwenye njaa, neva hii huanza kuagiza asidi hata kabla hajanawa mikono. Wa pili ni gastrini, homoni inayotolewa na seli za sehemu ya chini ya tumbo protini za nyama au maharage zinapowasili, ambayo husafiri ndani ya damu na kurudi kuzifikia seli za juu. Wa tatu ni histamini, ambayo wengi tunaijua kwa mafua ya mzio na mwasho wa ngozi, lakini tumboni hutolewa na seli zilizo jirani kabisa na zile za parietali. Wajumbe hawa hushirikiana: gastrini hutimiza sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuzichochea seli hizo jirani zitoe histamini, na hivyo histamini huwa mlango ambao amri nyingi hupitia. Upande wa pili zipo breki. Somatostatini hupunguza utoaji wa gastrini na histamini pale asidi inapozidi, na prostaglandini huizuia seli ya parietali yenyewe, huku zikichochea utando wa tumbo utoe ute na bikaboneti vya kujikinga.

Dawa za kutafuna na zile nyeupe za chupa, zenye magnesiamu, alumini, kalsiamu au bikaboneti ya sodiamu, hazigusi chochote katika mlolongo huu. Zenyewe huisubiri asidi ikishamwagika na kuizimua, kama magadi yanavyoua ukali wa kitu kichachu. Kwa sababu hiyo hutuliza ndani ya dakika chache, na kwa sababu hiyo hiyo nguvu yake huisha mapema, kwani kiwanda kinaendelea kuzalisha. Nazitaja kwa sababu zinachanganywa mno na dawa zinazopunguza utoaji wa asidi, na anayezitarajia zifanye kazi ya omeprazoli, au anayeitarajia omeprazoli ifanye kazi yake, atakata tamaa na zote mbili.

Jaribio la mwanzo la kuuzuia utoaji wenyewe lilimlenga mjumbe wa kwanza. Atropini na dawa za ukoo wake huifunga asetilikolini isisikike, lakini asetilikolini hutumika pia kwenye macho, mate, moyo na kibofu, kwa hiyo mgonjwa alipata nafuu kidogo ya tumbo pamoja na mdomo mkavu, ukungu machoni na shida ya kukojoa. Pirenzepini, iliyobuniwa ichague vipokezi vichache zaidi (kipokezi ni sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa mjumbe), ilipunguza kero hizo bila kuziondoa. Wapasuaji walichukua njia fupi zaidi: mwaka 1943 huko Chicago, Lester Dragstedt alianza kuwatibu wagonjwa wa vidonda vya tumbo kwa kuikata neva ya vagasi, na kwa miongo kadhaa upasuaji huo ulikuwa tiba ya kawaida kwa vidonda vilivyokataa kupona. Ni vyema kulikumbuka hilo, maana leo mtu hununua kapsuli chache kwa bei ya chakula cha mchana na kupata matokeo ambayo zamani yalihitaji kupasuliwa tumbo.

Mabadiliko makubwa yalikuja kupitia histamini. Dawa za mzio zilikwishakuwapo, na zilizuia mwasho vizuri, lakini hazikupunguza asidi hata kidogo. James Black, Mskochi aliyeanza kazi katika kampuni ya Smith Kline & French nchini Uingereza mwaka 1964, alishikilia kwamba maelezo yake ni rahisi: lazima tumboni kuna kipokezi cha histamini cha aina nyingine, ambacho dawa za mzio haziwezi kukifunga. Yeye na wenzake walianza na molekuli ya histamini yenyewe na kuibadilisha kidogo kidogo hadi wakapata kitu kinachokaa kwenye kipokezi hicho bila kukiamsha. Mwaka 1972 walitangaza burimamidi, ambayo ilithibitisha hoja yao ingawa ilikuwa dhaifu mno kumezwa. Iliyofuata, metiamidi, ilifanya kazi vizuri lakini ilipunguza chembe nyeupe za damu kwa baadhi ya wagonjwa, ikaachwa. Ya tatu, simetidini, iliingia sokoni Uingereza mwaka 1976 na kubadili kabisa maisha ya wenye vidonda vya tumbo. Ranitidini na famotidini zilifuata zikiwa na nguvu zaidi na bila tabia ya simetidini ya kuingilia uvunjwaji wa dawa nyingine kwenye ini. Black alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Kundi hili, ambalo majina yake huishia na "-tidine" kwenye boksi, hupunguza asidi ya siku nzima kwa takriban asilimia 70. Uwezo wake mkubwa huonekana usiku, kwa sababu asidi ya usiku hutegemea sana histamini, ilhali ile ya mlo huagizwa pia na vagasi na gastrini ambazo dawa hizi haziziwekei kizuizi cha moja kwa moja. Faida yake ni kwamba huanza kazi ndani ya saa moja hivi, na mtu anaweza kuimeza kabla ya mlo anaojua utamsumbua. Udhaifu wake ni kwamba mwili huizoea: ikitumiwa kila siku kwa wiki moja au mbili, sehemu ya nguvu yake hupotea, na kuongeza dozi hakusaidii sana. Ranitidini nayo ilipata doa la aina nyingine. Iligundulika kwamba hujizalishia ndani yake kemikali iitwayo NDMA, inayoshukiwa kusababisha saratani, na kwamba kiasi chake huongezeka kadiri dawa inavyokaa, hasa kwenye joto. Mwezi Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyataka makampuni yaondoe ranitidini zote sokoni. Famotidini haina tatizo hilo, na kwa anayehitaji dawa ya kundi hili, hasa katika miji yetu yenye joto kama Mombasa na Dar es Salaam, ningechagua hiyo.

Dawa zenye majina yanayoishia na "-prazole" haziwashughulikii wajumbe kabisa. Zinaizima pampu. Mwaka huo huo wa 1988 ambao Black alitunukiwa Nobel, kampuni ya Astra ya Uswidi ilianza kuiuza omeprazoli, na baadaye zikaja lansoprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli na esomeprazoli. Kwa kuwa pampu ndiyo hatua ya mwisho, haijalishi amri imeletwa na nani, na asidi ya siku hupungua kwa asilimia 80 hadi 95. Lakini namna dawa hii inavyoifikia pampu ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu haiendi huko moja kwa moja kutoka tumboni kama watu wengi wanavyodhani.

Ukiifungua kapsuli ya omeprazoli juu ya sahani utaona punje ndogo za mviringo, ukubwa wake kama ulezi. Kila punje imevishwa ganda linalostahimili asidi na kuyeyuka pale tu ukali unapopungua, yaani katika utumbo mwembamba. Bila ganda hilo asidi ingeiharibu dawa ndani ya dakika chache, kabla haijafika popote. Ikishavuka tumbo salama, omeprazoli hufyonzwa na kuingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoirudisha kwenye seli za parietali kwa upande wa nyuma. Hadi hapo bado haina nguvu yoyote. Kwa maumbile yake ya kikemia hupenya kwenye seli na kunaswa mahali penye asidi kali, na mwilini hakuna mahali pakali kama kijifereji cha seli ya parietali; humo hurundikana hadi takriban mara elfu moja ya kiasi kilichomo kwenye damu. Asidi ile ile iliyokuwa adui yake njiani sasa huigeuza kuwa umbo jipya linaloshikamana na salfa iliyo kwenye pampu, na mshikamano huo hauachii. Pampu iliyoshikwa imekwisha. Seli italazimika kutengeneza nyingine.

Kutokana na maelezo hayo, saa ya kumeza inajieleza yenyewe. Omeprazoli haidumu kwenye damu. Baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Katika dirisha hilo fupi inaweza kuzishika tu pampu zilizojitokeza na zinazosukuma, maana ndizo zinazotengeneza asidi ya kuiamsha. Pampu zilizolala ndani ya vifuko haizifikii. Kwa hiyo lazima dawa iwe imefika kwenye damu wakati chakula kinapoziamsha pampu, na hilo hupatikana mtu akimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, hasa kabla ya kifungua kinywa, kwa kuwa mfungo wa usiku huacha akiba kubwa ya pampu zinazosubiri kuitwa. Anayemeza na kulala bila kula amepoteza sehemu kubwa ya kidonge chake. Anayemeza baada ya kushiba ameichelewesha dawa, na inapofika, kilele cha kazi ya pampu kimeshapita.

Hata ikimezwa kwa wakati, dozi ya kwanza haimalizi kazi, kwani si pampu zote hujitokeza kwa mlo mmoja na mpya hutengenezwa kila siku. Nguvu kamili hupatikana baada ya siku tatu hadi tano za kumeza mfululizo, na ndiyo sababu kuimeza siku ya maumivu na kuiacha siku ya nafuu hakufai kwa dawa ya aina hii. Kapsuli haitakiwi kutafunwa wala punje zake kusagwa. Asiyeweza kumeza kapsuli nzima anaweza kuifungua na kuzinywa punje bila kuzitafuna ndani ya maji yasiyo na gesi au juisi ya matunda yenye ukali kidogo, ndani ya dakika 30, lakini si ndani ya maziwa, kwa kuwa maziwa hayana ukali wa kutosha kulizuia ganda lisiyeyuke mapema.

Wajapani wamejaribu kuuondoa usumbufu huu wote. Vonoprazani, iliyoidhinishwa Japani mwishoni mwa mwaka 2014 na Marekani mwaka 2022, hukaa kwenye pampu mahali ambapo potasiamu ingepita na kuizuia isiingie. Haihitaji asidi ya kuiamsha, haiharibiwi nayo, haina haja ya kusubiri chakula, na hufikia nguvu yake kamili siku ya kwanza. Korea Kusini nayo ina tegoprazani tangu mwaka 2018. Bei yake bado ni kubwa ukilinganisha na omeprazoli, ambayo inapotumiwa kwa saa yake inawatosha wagonjwa walio wengi.

Imebaki njia ya kuikanyaga breki. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu wetu humeza kwa maumivu ya mgongo na magoti bila kuhesabu siku, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na hivyo huliondolea tumbo breki na ute wake kwa pamoja. Misoprostoli ni prostaglandini ya kutengenezwa inayorudisha kilichoondolewa, na huzuia vidonda vya dawa hizo, ingawa mara nyingi huharisha. Wengi Afrika Mashariki wanaijua zaidi kutoka wodi za wazazi, ambako hutumika kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, kwa kuwa huubana mji wa mimba. Kwa sababu hiyo hiyo mjamzito hapaswi kamwe kupewa misoprostoli kwa ajili ya tumbo.

Dawa zote hizi hupunguza asidi, lakini asidi peke yake mara nyingi siyo iliyoanzisha kidonda. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi hutokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na walipewa Nobel mwaka 2005. Kidonda cha namna hiyo kikitibiwa kwa omeprazoli pekee hupona na kurudi. Tiba yake huchanganya omeprazoli na viuavijasumu, mathalani amoksisilini na klarithromisini kwa siku 14, na omeprazoli imo humo kwa sababu mbili: kidonda kipate nafasi ya kufunga, na viuavijasumu visidhoofishwe na ukali wa tumbo. Upo mtego katika vipimo pia. Kwa kuwa omeprazoli huwapunguza bakteria bila kuwamaliza, kipimo cha choo au cha pumzi kikifanywa mgonjwa akiwa bado anaimeza kinaweza kusema hana bakteria ilhali anao. Inatakiwa iachwe angalau wiki mbili kabla ya kupima.

Kuishi na asidi kidogo kwa miaka kuna gharama yake. Vitamini B12, madini ya chuma na magnesiamu vinaweza kupungua mwilini, na maambukizi ya utumbo hupata njia rahisi zaidi. Dawa nyingine zinahitaji asidi ili ziyeyuke: itrakonazoli ya fangasi ni mojawapo, na kati ya dawa za kupunguza makali ya VVU, vidonge vya rilpivirini havipaswi kabisa kutumiwa pamoja na omeprazoli, wakati atazanavir hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Omeprazoli na esomeprazoli pia hudhoofisha klopidogreli, inayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya aina hiyo na kununua omeprazoli mtaani bila kuitaja anajiweka katika hatari ambayo swali moja tu la mwuzaji lingeizuia.

Na kuna suala la kuacha. Asidi ikishuka kwa muda mrefu, tumbo hulalamika kwa kutoa gastrini zaidi, na gastrini hiyo huzikuza seli zinazotoa histamini. Dawa ikikatwa ghafla, seli zilizokua zinakutana na pampu mpya zisizozuiwa, na asidi hupanda kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwashirikisha watu 120 wenye afya wasiokuwa na kiungulia. Baadhi yao walipewa esomeprazoli kwa wiki nane, kisha ikaondolewa bila wao kujua. Katika wiki za mwisho za utafiti, asilimia 44 ya waliokuwa wameimeza walipata dalili za asidi, kukiwa na asilimia 15 tu kati ya wale ambao hawakuimeza kabisa. Dawa ilikuwa imewapa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Wagonjwa wengi wanaosema "nikiiacha tu, inarudi" wanapitia jambo hilo, na wanaporudi kwenye kidonge hudhani wamethibitisha kwamba hawawezi kuishi bila hicho. Anayeitumia kwa muda mrefu bila sababu inayoendelea anaweza kushuka taratibu kwa ushauri wa daktari au mfamasia, akipunguza dozi kwanza, kisha akimeza siku moja na kuruka nyingine, huku akiwa na dawa ya kutafuna au famotidini ya kumvusha katika wiki chache za mwanzo ambazo huwa na usumbufu. Hesabu hii haimhusu aliyewahi kutokwa damu tumboni na ambaye bado anameza aspirini ya moyo kila siku. Huyo anaendelea na omeprazoli yake kabla ya chai, mpaka daktari aliyemwandikia aspirini atakapoziamua zote mbili kwa pamoja.